Skrubu Nne za Inkerman

Nesta Garbutt aliteleza kwenye vidato vya nyumba yake mwenyewe, asubuhi ya barafu, akitoka kwenda kununua maziwa, akavunjika nyonga. Hospitali walimtia chuma mfupani, wakamfundisha kutembea upya, kisha wakamrudisha kwake. Wanaume wawili wa gari la wagonjwa walimkalisha kwenye kiti, wakamnyanyua juu juu hadi mlangoni kama bibi harusi asiyeridhia, wakamweka sebuleni, wakamtakia heri, wakaufunga mlango. Majira ya baridi yakaisha, miti ya ng'ambo ya bonde ikajaa majani, na Nesta bado hajakanyaga nje.

Miguu alikuwa nayo. Ndani ya nyumba alizunguka vizuri tu, mkono mmoja kwenye fimbo, wa pili ukitambaa kutoka meza hadi kabati, kutoka kabati hadi mlango wa jikoni. Alichokosa ni kipande cha chuma cha kushikilia, pembeni mwa vidato vya mbele. Fundi yeyote wa mji wa Harrowclough angekifunga asubuhi moja na kuwahi chai yake.

Lakini nyumba za Inkerman hazigusiki hivi hivi. Zimehifadhiwa kisheria, jiwe kwa jiwe.

Ni safu moja ndefu, nyumba imeegemea nyumba, paa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwenye kiwanda cha sufu alizijenga enzi za Malkia Viktoria, mahali ambapo angeziona kutoka dirishani kwake ng'ambo ya bonde. Hilo ni la kukumbukwa. Tajiri yule hakujenga ili watu wakae, alijenga ili atazame. Ndiyo maana katikati ya safu aliweka pembetatu kubwa ya jiwe kama ya hekalu, na juu ya kila mlango kioo cha nusu mwezi, na kila mlango akauinua juu ya vidato vinavyoshuka kandokando ya ukuta ili safu nzima ionekane imesimama kifua mbele. Ukishaingia ndani unakuta chumba mbele, chumba nyuma, na ngazi nyembamba kama koo la kuku. Uso wa kasri, tumbo la banda. Na upande wa nyuma, ambao macho ya tajiri hayakufika, mlango wa jikoni unakutupa kwenye genge la ngazi za kushukia ghala la makaa ambazo hata mbuzi angezifikiria mara mbili.

Kwa hiyo kutoka ni mbele, au hutoki.

Mwezi wa Mei alikuja afisa wa uhifadhi wa majengo, Lionel Frith, kijana mpole mwenye ndevu zilizochanwa, kuangalia ombi la reli ya kushikilia. Nesta alimwona kutoka dirishani. Alipiga magoti mbele ya vidato kama mtu aliye kanisani, akapitisha kiganja kwenye bonde lililochimbika katikati ya kila jiwe, akapiga picha, akapitisha kiganja tena. Alipoingia macho yake yalikuwa yanang'aa. Alimwambia kwamba katika kazi yake yote hajaona mawe yaliyolika kwa uzuri namna ile.

"Hayakulika kwa kukanyagwa, kipenzi," Nesta akamwambia. "Yalilika kwa kusuguliwa."

Akamweleza. Kila Ijumaa, wanawake wa Inkerman walipiga magoti na ndoo, wakasugua vidato, kisha wakapaka ukingo wa kila kidato kwa jiwe laini la rangi ya maziwa, jiwe walilopewa na mnunua matambara kwa kubadilishana na nguo kuukuu. Ambaye hakusugua alisemwa hadi kanisani. Mama yake Nesta alitoka kiwandani Ijumaa jioni, masikio bado yanavuma kelele za mashine za kufuma, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo. Magoti yake yalivimba yakawa kama mikate. Alikufa nayo hivyo.

Frith alisikiliza huku akitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Kisha akasema, kwa upole uleule, kwamba hiyo ndiyo sababu hasa hawezi kuruhusu reli. Reli inahitaji mashimo kwenye mawe. Safu nyingine mjini angeweza kukubali, kwa sababu sheria huko inataja kuta na madirisha. Hapa Inkerman vidato vimetajwa waziwazi. Mtu fulani zamani alishikilia vitajwe.

"Mtu huyo ni mimi," akasema Nesta.

"Wewe, Bi Garbutt?"

"Mimi. Sasa nisikilize. Mnalinda alama ya goti. Goti lenyewe nani analilinda?"

Frith alikunywa chai yake yote, akashukuru, akaondoka. Barua ya kukataa ilifuata, imeandikwa kwa adabu nyingi.

Mtenda husahau, mtendwa hasahau, na Nesta hakuwa na kazi nyingine pale dirishani ila kukumbuka. Alikumbuka miaka ile baraza la mji lilipotaka kubomoa Inkerman lipitishe barabara. Walisema ni nyumba chafu za watu wachafu. Nesta wakati huo alikuwa mfumaji, mwenye mdomo usiojua kufungwa, na siku matingatinga yalipopanda mlima alikuwa amewapanga wanawake wote wafue siku moja. Kamba za nguo zilivuka mtaa kutoka ukuta hadi ukuta, mashuka yaliyolowa yakaning'inia kama ukungu, na hakuna dereva aliyethubutu kuwa mtu wa kwanza kuburuta shuka la ndoa la mama wa mtu kwenye matope. Wakapata muda. Ndani ya muda huo akatokea bwana mmoja mwenye koti zuri, mpenda nyumba za kale, akasema kuna njia: zihifadhiwe kisheria. Nesta akaenda maktaba kila Jumamosi hadi akajua kila pambo la jiwe kwa jina lake. Bwana yule alitaka kuorodhesha kuanzia mlango kwenda juu. Nesta akasimama mkutanoni, akasema andika na vidato, maana huko juu kuna pesa za tajiri tu, jasho la mama yangu liko chini.

Wakashinda. Nyumba zikahifadhiwa.

Watu hawakuhifadhiwa. Sheria ilizuia mtu kubadili dirisha, haikuzuia mtu kupandisha kodi. Wafumaji wakaondoka mmoja mmoja, kiwanda kikafungwa, wakaja mawakili na madaktari wa meno, na milango yote ikapakwa kijani cha aina moja. Wa zamani walibaki wawili tu. Nesta, ambaye nyumba yake ilimilikiwa na jumuiya moja ya kupangisha, na jirani yake wa ukuta mmoja, Ghulam Sarwar, aliyekuja kutoka Mirpur, ng'ambo ya bahari, akiwa kijana, akatengeneza mabasi ya mji hadi akastaafu, akainunua nyumba yake kabla haijawa ya thamani.

Sarwar ndiye aliyemletea maziwa sasa. Hakugonga mlango. Aligonga ukuta, naye Nesta akagonga kumjibu kwamba bado yuko hai.

"Dada Nesta," angesema akiingia, "nimeota umekufa, nikafurahi, nikasema sasa nitalala bila mtu kunigongea ukuta."

"Ungelala wapi na wewe? Wangekuja kukuuzia kaburi langu kama chumba chenye mandhari."

Mizaha hiyo ndiyo iliyomweka hai. Lakini Julai ilipoanza, jumuiya ya kupangisha ilimpigia simu. Mwishoni mwa Agosti angekuja mkaguzi. Ikiwa nyumba itaungua na Nesta hawezi kutoka bila kubebwa, basi nyumba hiyo haimfai, na wangemhamishia kwenye majengo mapya nje ya mji, yenye zulia na kamba ya kuvuta mtu akianguka. Binti yake, Glynis, akapiga kutoka Leeds siku hiyohiyo, na Nesta akajua wameshazungumza.

"Mama, ni pazuri. Hakuna ngazi hata moja."

"Hata gerezani hakuna ngazi."

"Kwani sasa hivi uko wapi, Mama? Hebu niambie. Mara ya mwisho umenusa hewa lini?"

Nesta alikata simu. Alisogea dirishani. Dirisha lenyewe lilikuwa la kusukuma juu kwa kamba na mizani, la asili, na kwa kuwa ni la asili lilipakwa na jumuiya rangi juu ya rangi hadi likagandamana na fremu yake. Halikufunguka. Akaweka paji la uso kwenye kioo. Chini palikuwa na vidato vyake, vyeupe kwa jua, na mtaa, na mwanamke akipita na mbwa, na vyote vilikuwa karibu kiasi cha kumtemea mtu mate.

Wiki ile ile alikuja Imogen Pell, mwenyekiti wa chama cha wakazi wa Inkerman, mwanamke wa nyumba ya chini ya pembetatu, na keki ya tangawizi mkononi. Nesta alimjua. Jina la Imogen lilikuwa la kwanza kati ya waliopinga ile reli. Lakini Imogen hakuja kwa hilo. Alikuja na habari njema: chama kimeamua kumwekea Nesta kibao cha kumbukumbu, cha chuma, rangi ya buluu, ukutani kando ya mlango wake. Kitaandikwa kwamba hapa anaishi mwanamke aliyeokoa Inkerman. Kwa kawaida huwekewa waliokufa, akasema, lakini wao hawakutaka kungoja.

"Naona mna haraka," akasema Nesta.

"Nesta mpenzi, tunakuenzi. Bila wewe sisi wote tusingekuwa hapa."

"Hilo nalifikiria sana, Imogen. Kila siku nalifikiria."

Imogen akacheka, asijue kama ni mzaha, akakata keki. Nesta akamuuliza kibao kitashikaje ukutani. Imogen akasema, bila kuona aibu yoyote, kwamba Bwana Frith ameshatoa kibali. Skrubu nne.

Baada ya Imogen kuondoka Nesta aliweka kisu cha keki mezani. Kisha akampigia Frith. Hakupaza sauti. Alimuuliza tu kwa nini ukuta wa mlango unaweza kutobolewa kwa ajili ya jina lake na hauwezi kutobolewa kwa ajili ya mkono wake. Frith alieleza kwa uvumilivu. Kibao huongeza thamani ya kihistoria ya jengo. Reli haiongezi. Kibao ni kidogo, na kinaweza kuondolewa siku yoyote bila madhara. Nesta akamuuliza kibali kinasemaje hasa, naye akamsomea, maana alikuwa mtu mwaminifu: kibao cha chuma cha kumbukumbu pamoja na kishikizo chake, kifungwe kando ya mlango kwa skrubu nne.

"Na kishikizo chake," Nesta akarudia.

"Ndiyo. Kile kinachokishika ukutani."

"Asante, kipenzi. Umenisaidia kuliko unavyojua."

Akagonga ukuta. Sarwar alipoingia alimkuta amesimama wima katikati ya chumba, fimbo chini ya kwapa, anapima kitu hewani kwa mikono miwili. Alimweleza. Sarwar akaketi, akala kipande cha keki ya Imogen, akala cha pili.

"Dada, umezeeka vibaya," akasema mwishowe. "Wenzako wanasuka sweta."

"Unacho au huna?"

Alikuwa nacho. Gereji ya mabasi ilipokuwa inavunjwa, wazee wa kazi waliruhusiwa kubeba walichotaka. Wengine walichukua saa na usukani. Sarwar alichukua vile vyuma vya mlangoni ambavyo abiria hushika akipanda, kwa sababu mikono yake ndiyo iliyovifunga na kuvikaza miaka yote ile, na hakutaka kuviona vinayeyushwa. Walikuwa wazee wengi wakivishika, akasema, na hakuna aliyewahi kumwangukia.

Kibao kilipofika kutoka kwa mhunzi, Sarwar alijitolea kwa chama kukifunga bila malipo. Imogen alifurahi sana. Alimwambia kwamba huo ndio ujirani. Sarwar akakibeba ndani, akakichomelea kwenye chuma cha basi, akafanya kazi safi isiyo na mshono unaoonekana. Ijumaa asubuhi alikuja na keekee ya umeme. Nesta alikaa upande wa pili wa ukuta akiusikia mngurumo ukipita kwenye jiwe, kwenye plasta, hadi kwenye mgongo wa kiti chake. Aliisikia skrubu ya kwanza ikikaza. Aliisikia ya nne. Kisha Sarwar akafunika kila kitu kwa kitambaa chekundu cha chama na kurudi kwake kunawa mikono.

Jumamosi mtaa ulijaa. Walitandika meza ya chai na vikombe vya kaure. Alikuja mpiga picha wa gazeti la mji. Alikuja Frith amevaa tai. Mpango wa chama ulikuwa kwamba wanaume wawili wa klabu ya raga wapande, wamnyanyue Nesta na kiti chake, wamshushe akae mbele kama mgeni wa heshima. Walipoingia sebuleni walimkuta amesimama, amevaa koti lake la buluu na viatu vya kutokea, akawaambia wakanywe chai. Kubebwa nimeshabebwa, akasema. Wakateremka kama walivyoambiwa. Nesta akasogea hadi kizingitini akasimama hapo, mlango wazi nyuma yake, upepo wa bonde ukimpiga usoni kwa mara ya kwanza tangu barafu. Machozi yalimtoka. Aliyafuta haraka, asije mtu akadhani ni ya shukrani.

Imogen alihutubia. Alisema uzuri wa Inkerman haukujengwa na tajiri peke yake. Alisema juu ya wanawake wa Ijumaa, magoti yao, ndoo zao. Frith alikuwa amemsimulia. Alisema chama hakitapumzika hadi kila mmoja wa wanawake hao akumbukwe. Watu wakapiga makofi, na Imogen akapanda vidato, akavuta kitambaa.

Kibao kilikuwa pale, cha buluu, herufi nyeupe. Kilikuwa kimekaa juu ya chuma kinene cha rangi ya machungwa, kimepinda vizuri, kimetokeza ukutani kiasi cha mkono kuzunguka. Nesta akanyoosha mkono, akakishika. Chuma hakikutikisika. Akatoa mguu mzima, akautua kwenye kidato cha juu, kisha ule wenye chuma ndani, akasimama nje ya nyumba yake.

Mpiga picha akapiga picha. Frith alikuwa wa kwanza kusema.

"Bi Garbutt, hiki si kishikizo."

"Kinashika nini?"

"Kibao, lakini..."

"Basi ni kishikizo. Hesabu skrubu."

Alihesabu. Alikuwa mtu mwaminifu. Uso wa Imogen ulipanda wekundu kutoka shingoni, akasema kwa sauti ya chini ambayo wote waliisikia kwamba rangi ile haipatani kabisa na jiwe. Sarwar, aliyekuwa chini karibu na meza ya chai, akamwambia ni rangi ya mabasi ya mji, mama, nayo ni ya kihistoria pia.

Wengine walicheka. Nesta hakucheka. Mkono wake ulikuwa umefika mwisho wa chuma. Chini yake vidato vilivyobaki vilishuka hadi mtaani, kila kimoja na bonde lake katikati, laini kama sabuni iliyotumika, na pembeni mwa vyote palikuwa na ukuta mtupu. Akijaribu kimoja zaidi angeanguka, mbele yao wote, na mkaguzi wa jumuiya asingehitaji hata kuja. Alikuwa ametoka, na alikuwa amefungwa palepale, hatua moja mbele zaidi ya jana. Imogen akamnong'oneza kwa huruma kwamba sasa arudi ndani apumzike, ameshafanya makubwa.

"Siingii," akasema Nesta. Kisha akawatazama wote kule chini, wenye vikombe. "Mwenyekiti amesema kila mmoja atakumbukwa. Mmemsikia, na bwana wa gazeti ameandika. Bwana Frith, una kalamu?"

Frith alikuwa nayo.

"Hiki kinachofuata ni cha mama yangu. Clara Garbutt. Kibao chake, pamoja na kishikizo chake, kikae hapo chini kidogo, kwenye ukuta, mahali mkono wangu utakapofika. Baada yake Hepzibah Sugden, aliyezaa Alhamisi akasugua Ijumaa. Halafu Zubeda Sarwar, mke wa huyu. Alifika hapa hajui neno la lugha yetu, akapewa jiwe na ndoo, akavisugua hivi akiwa na nimonia, na hakuna aliyemwambia asimame. Mimi nilikuwa dirishani, nikitazama tu. Mwandike na yeye. Halafu Olwen Tordoff. Halafu nitakutajia wengine, maana vidato bado vipo na majina ya wanawake bado yapo. Skrubu nne kila mmoja."

Frith alimtazama Imogen. Imogen alimtazama mpiga picha, ambaye alikuwa bado ameinua kamera yake na hakuonekana kuwa na safari nyingine. Kule chini Sarwar alikuwa ameweka kikombe mezani na kugeuzia mtaa mgongo.

"Kwa Clara ni C au K?" akauliza Frith.

"C," akasema Nesta, akakaza mkono kwenye chuma cha basi. "Andika upesi, kipenzi. Sitaweza kusimama hapa muda mrefu."